Nauli ya Usiri

Chukulia mama wa kijiji cha Kazuramimba, mkoani Kigoma, mkulima, mwenye watoto watatu. Ametumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa miaka kadhaa na afya yake imetengemaa. Kituo cha kuchukulia dawa kiko karibu na nyumbani, lakini haendi. Kila tarehe ya kliniki anapanda gari kwenda Kigoma mjini, na wapo wenzake wanaokwenda mbali zaidi, mpaka Tabora kwa treni. Msimu ambao maharage hayajauzwa nauli inakosekana, tarehe inapita, na kwenye rejesta jina lake linahamia kwa watoro. Kisha anapigiwa simu kuulizwa kwa nini anachezea maisha yake.

Kila kliniki ina wagonjwa kama huyu, na lawama wanazobebeshwa ni zile zile: ukaidi, aibu isiyo na msingi, elimu ndogo. Naandika kwa sababu naamini hatujawaelewa. Mama huyu anajua vizuri anachokifanya. Ananunua kwa nauli kitu ambacho kituo cha kwao kilipaswa kumpa bure kwa mujibu wa sheria: taarifa zake zibaki kati yake na anayemtibu.

Wanaoona kwamba suala hili linakuzwa wana hoja nzito, na wengi wao ni watu wa kazi. Ingia zahanati yoyote ya vijijini Kasulu au Buhigwe asubuhi ya Jumatatu. Muuguzi ni mmoja au wawili, chumba kimoja kinapimia wajawazito, kinafunga vidonda na kutunza chanjo, na foleni imefika nje. Ukimwambia muuguzi huyo afunge mlango kwa kila mgonjwa, atakuuliza nani atakuwa akimsikiliza mtoto anayedegedega barazani. Chukua na kifua kikuu. Mgonjwa akigundulika, ni lazima aulizwe anaishi na nani, analala chumba kimoja na nani, watoto wadogo wako wangapi, ili nao wapimwe au wapewe dawa ya kinga. Akikatisha dozi ya miezi sita atafuatwa mpaka nyumbani, kwa sababu dozi iliyokatishwa huzaa usugu wa dawa, na usugu huo unamfikia jirani ambaye hakukosea lolote.

Halafu kuna Kagunga. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana katika kijiji hicho kidogo cha ufukweni, kipindupindu kikazuka, na watu wakasafirishwa kwa MV Liemba mpaka Kigoma, ambako Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa makazi ya muda. Katika siku kama zile, anayeharisha hutengwa mbele ya macho ya watu na wote wanajua kwa nini ametengwa. Ukitanguliza faragha pale, unazika watu.

Ipo pia hoja ya undugu, ambayo naiheshimu kuliko zote. Huku kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Shangazi ndiye aliyeuza mbuzi, kaka ndiye aliyekodi bodaboda, na jirani ndiye anayepika uji. Unamwambiaje shangazi asubiri nje? Na tabibu wa zahanati ya mbali anapopiga picha ya kidonda na kuituma WhatsApp kwa daktari wa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, apate ushauri, anaokoa mguu wa mtu. Sheria ikisomwa kwa ukali usio na busara, mguu huo utakatwa huku karatasi zikiwa sawasawa.

Karibu yote haya nayakubali. Lakini tazama taarifa hizo zilikwenda kwa nani. Za kifua kikuu zilikwenda kwa mtu atakayempima mtoto. Za Kagunga zilipanda ngazi kama mahali na idadi, ili maji na dawa viletwe. Picha ya kidonda ilimfikia daktari. Shangazi aliingia kwa sababu mgonjwa mwenyewe alimwita. Kila aliyezipokea alikuwa na kazi ya kuzifanyia.

Taarifa za mama wa Kazuramimba zinamwagika kwa wasio na kazi nazo. Kliniki ina siku yake maalum, kijiji kizima kinaijua siku hiyo, na benchi la kusubiria liko mahali pa wazi. Jina linaitwa kwa sauti. Rejesta ya MTUHA, daftari la taarifa za wagonjwa, imelala wazi mezani wakati mgonjwa anayefuata anakaa kitini, naye anajua kusoma. Dirishani maelekezo ya dawa yanatolewa watu wakisikia. Hata kopo la vidonge linamsema njiani kwa jinsi linavyolia ndani ya mkoba, ndiyo maana wagonjwa wengi huvihamishia kwenye mfuko wa nailoni au karatasi, ambako unyevu unaviharibu. Hakuna mtoto anayedegedega aliyeokolewa kwa rejesta hiyo kuachwa wazi.

Sheria haina utata hapa. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inasema majibu ya kipimo ni siri ya aliyepimwa, ikitaja wachache wanaoweza kupewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mtaalamu wa afya kutumia taarifa hizo kwa tiba ya mgonjwa, kwa hiyo tabibu wa zahanati hana sababu ya kuiogopa.

Ila kuna takwimu moja ambayo sijaweza kuiacha. Utafiti wa kitaifa wa viashiria na matokeo ya UKIMWI wa 2022/23 ulionyesha kwamba Kigoma ndiyo yenye maambukizi ya chini kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara: asilimia 1.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Njombe ni 12.7. Wastani wa taifa ni 4.4. Kigoma tuliipokea namba hiyo kama sifa, na ni sifa kweli. Wengi wakaenda hatua moja mbele wakasema, basi huku suala la usiri si kubwa, wagonjwa ni wachache.

Uchache wao ndio unaowaanika. Katika kijiji chenye watu wazima 1,000, kwa wastani wa mkoa, wanaoishi na virusi ni 17. Kijiji cha ukubwa huo Njombe kingekuwa na 127. Watu 127 ni karibu kila ukoo. Aliyenyoosha kidole leo kesho anamkuta dada yake kwenye benchi lile lile, na mkono unashuka wenyewe. Watu 17 wanahesabika kwa majina. Anayekaa kwenye benchi la siku ya kliniki mara mbili amekwisha kutambuliwa, na simulizi lake linakwenda kisimani, sokoni na msibani. Hata ripoti isiyo na jina inamtaja: andika tu mwanamke, miaka 34, kitongoji fulani, mjane, na kila aliyezaliwa pale anajua ni nani. Mkoa wenye wagonjwa wachache unahitaji ulinzi mkali zaidi kuliko mkoa wenye wengi, nasi tumekuwa tukifikiri kinyume chake.

Sasa iunganishe namba hiyo na nyingine za utafiti huo huo, ambazo ni za taifa zima. Kati ya watu wazima wanaoishi na virusi, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali yao. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa. Kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Pengo kubwa liko mwanzoni kabisa. Dawa zipo, zinafanya kazi, na aliyeanza kwa kawaida anaendelea. Tunayempoteza ni yule ambaye hajapima. Kwa wastani huo, katika wale 17 wa kijijini, watatu hivi hawajui, na mtu asiyejua ndiye anayeambukiza wengine bila kukusudia. Wanasubiri nini? Siwezi kusema wote wanaogopa macho ya watu. Wapo ambao huduma haijawafikia, wapo wanaume ambao hawaingii hospitali mpaka wabebwe, wapo wanaojiona wazima. Lakini anayetaka kupima na akaona wenzake waliopima wanavyosemwa ana sababu nzuri sana ya kuahirisha. Bunge lenyewe lilikiri hivyo mwaka 2019 liliporekebisha sheria na kuruhusu mtu ajipime mwenyewe. Kipimo cha faraghani kimehalalishwa kwa sababu kuna watu ambao kipimo cha hadharani hakiwapati.

Na uzito wa uvujaji huu haugawanyiki sawa. Mwanamke hupimwa anapokwenda kliniki ya ujauzito, kwa hiyo mara nyingi yeye ndiye wa kwanza katika nyumba kujulikana, na anayejulikana kwanza ndiye anayeambiwa ameleta. Baba anaweza kukaa miaka bila kupima huku akisema maradhi ni ya mke. Siri ikitoka kwenye chumba cha muuguzi, anayefungiwa mlango wa nyumba ni mama.

Ipo na hali nyingine ambayo sera haikuitazamia. Tangu 2007, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), lengo limekuwa kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lengo jema, limeokoa wajawazito wengi. Lakini kadiri huduma inavyosogea nyumbani, ndivyo mhudumu anavyozidi kuwa mtu wa pale pale. Mhudumu wa dirisha la dawa ni binamu wa mumeo. Mlinzi ni mwenyekiti wa kikundi chenu cha kuweka akiba. Vijiji vingi vya Kigoma na Tabora, tangu mpango wa vijiji wa miaka ya 1970, vimejipanga kandokando ya barabara, zahanati katikati, na anayeingia anaonekana na walio kwenye viti vya duka. Tumempunguzia mgonjwa kilomita tukamwongezea macho, na yeye akaamua kuzirudia kilomita.

Wapo watakaosema faragha ni ya Wazungu, sisi huishi kwa pamoja, na mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inamwonya anayemficha mganga. Wazee walioitumia walikuwa wakienda kwa mganga alfajiri kabla kijiji hakijaamka, na mganga alizungumza na mgonjwa wakiwa wawili, au pamoja na yule aliyemsindikiza mgonjwa. Mganga asiyefunga mdomo hakupata wateja. Leo kijana mwenye kisonono anafanya vivyo hivyo: anakwepa zahanati anakokwenda kuandikwa na kuulizwa mbele ya watu, anaingia duka la dawa muhimu, ananong'ona, ananunua vidonge nusu dozi, na ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Hapo ndipo utaona kwamba usiri ni sehemu ya tiba yenyewe: unapokosekana zahanati, mtu anaufuata mahali ambako tiba ni hafifu.

Suala la mume na mke ndilo gumu kwangu kuliko yote. Sheria ya 2008 inamtaka anayejua hali yake amweleze mwenzi wake mara moja, na mwenzi ni miongoni mwa wanaoweza kupewa majibu. Muuguzi anayemwona mume mwenye virusi akija kliniki ya mtoto, naye anajua mke hajui hali hiyo, anabeba mzigo ambao simtamanii mtu. Wanaosema ateleze ulimi tu, aokoe maisha, nawaelewa. Hata hivyo naona njia ya kuwaita wawili wapime pamoja, au mshauri amsindikize mgonjwa katika kusema, ni bora hata ikichukua wiki kadhaa. Siku muuguzi atakapojulikana kwamba husema, hakuna mume mwingine atakayekuja kwake kupima.

Sehemu kubwa ya marekebisho haihitaji fedha nyingi. Rejesta inafungwa. Pazia linatundikwa. Namba inaitwa badala ya jina. Dawa za miezi mitatu au sita kwa aliyetulia zinapunguza siku za kuonekana. Kliniki inachanganywa na huduma nyingine, benchi liwe moja kwa mwenye kisukari, mwenye presha na mwenye virusi. Kwenye kompyuta kila mtumishi awe na neno lake la siri, maana palipo na neno moja kwa watu wanane haiwezekani kujua nani alifungua faili la nani. Hili litazidi kuwa kubwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inavyozidi kutekelezwa na fomu nyingi zaidi zenye jina la ugonjwa kupita mikononi mwa watu wengi zaidi.

Jaribio gumu zaidi linakuja kwa miguu. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wahudumu hao ni wakazi wa maeneo wanayoyahudumia. Nauunga mkono mpango huo. Mtoto mwenye utapiamlo na mjamzito wa mbali wanauhitaji. Lakini mama wa Kazuramimba akikosa tarehe, atakayetumwa kumtafuta anaweza kuwa jirani wa nyumba ya tatu, na ziara moja ya mchana inaweza kufuta usiri alioulipia miaka yote. Kwa hiyo, kabla jina la mgonjwa halijaingia katika orodha ya kufuatwa, aulizwe siku ile ile ya kwanza anapoanza dawa: ukikosa kliniki, tukutafute kwa simu, nyumbani, au mahali gani pengine, na nani asitumwe? Jibu liandikwe kwenye kadi yake, na atakayekwenda aoneshwe kabla ya kutoka.