Korosho, bando na mashine inayojifunza: tubane namba au tuache simu?

Chukua programu inayomsaidia mkulima wa Tandahimba kutambua ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwa kupiga picha maua ya mkorosho. Kwa kawaida picha zote zingetumwa kwenye seva moja. Ujifunzaji shirikishi, ulioelezwa na watafiti wa Google mwaka 2016, unaziacha simuni: kila simu hujifunza kwa picha zake, hutuma mabadiliko ya modeli tu (yaani ya namba ambazo mashine hutumia kutambua ugonjwa), na seva hutafuta wastani wake na kuurudisha simuni; hiyo ni raundi moja.

Wapo wanaodai njia hii inaokoa bando. Si lazima. Modeli ndogo yenye vigezo, yaani namba hizo, milioni 1, kila kimoja biti 32, ni megabaiti 4. Raundi 100 ni megabaiti 400 kwenda na 400 kurudi! Inayobaki kuitetea ni faragha, nayo ina mipaka, maana mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba picha inaweza kuundwa upya kutokana na mabadiliko yaliyotumwa.

Kwa hiyo namba zinazotumwa hubanwa. Ukitumia biti 8 badala ya 32, mzigo unashuka hadi robo. Unaweza pia kutuma mabadiliko makubwa tu, madogo yakasubiri raundi ijayo. Au simu ijifunze muda mrefu zaidi kabla ya kutuma, raundi zipungue. Hapo kuna gharama: simu ya Newala iliyojaa picha za ubwiriunga na ya Kilwa iliyojaa picha za blaiti, ugonjwa mwingine wa mikorosho, zitavutana, na wastani wake huenda usimfae yeyote.

Kuna njia ya nne, kuchagua simu zenye mtandao mzuri. Wahandisi wana hoja, kwa kuwa simu moja yenye mtandao dhaifu huchelewesha raundi nzima. Lakini mtandao haugawanyiki kwa bahati nasibu. Simu za Mtwara mjini zitaifundisha modeli kila raundi, za vijiji vya Liwale zikisubiri, wakati mikorosho iko vijijini. Mimi ningebana namba kwa nguvu kabla ya kumwacha mkulima mmoja nje. Simu ya kijijini itume usiku ikiwa kwenye chaji, hata kwa kuchelewa. Mchango uliochelewa umekokotolewa kwa modeli ya zamani, basi upunguziwe uzito kidogo, usitupwe.

Na kabla ya yote, mtu apige hesabu. Kwa biti 8 pande zote mbili, raundi 100 bado ni megabaiti 200. Kama picha za mkulima kwa msimu mzima hazifiki hapo, na ameridhia, zitumwe zenyewe, bila kuandamana na taarifa za mahali shamba lilipo.