Wakigombana Simuni, Watapatania Wapi?

Mwaka jana binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 12, aliondolewa kwenye kundi la WhatsApp la wasichana watano wanaosoma darasa moja. Hakuna aliyemgombeza, hakuna aliyemsukuma, wala hakuna sauti iliyopanda. Nilimkuta ameketi pembeni mwa kitanda, ameshika simu kwa mikono miwili, akiitazama sentensi moja fupi iliyomjulisha kwamba ameondolewa, na pale chini ambapo kwa kawaida huandikwa ujumbe hapakuwa tena na nafasi ya kuandika chochote. Kesho yake wote watano walikaa kwenye madawati yao kama siku zote, na hakuna aliyeligusia jambo hilo. Siku ya nne msimamizi wa kundi, mmoja wa wale wasichana, akamrudisha kundini. Nilipomuuliza walizungumza nini hadi wakapatana, alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu, akasema, "Hatukuzungumza, Mama. Alinirudisha tu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Mjadala kuhusu watoto na simujanja huendeshwa zaidi kwa hesabu ya saa: saa ngapi zinatosha, umri gani unafaa, programu ipi ifungwe usiku. Sisemi kwamba saa hazina maana. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha makadirio kwamba watu wazima huhitaji kuwa pamoja kwa takriban saa 50 kabla ya mtu wa kujuana tu kugeuka rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 kabla ya kuwa rafiki wa karibu, tena saa za kuwa pamoja kazini hazikuwa na uzito sawa na zile za kupiga soga na kustarehe. Utafiti ule haukuwahusu watoto, lakini sioni kwa nini mtoto apate rafiki wa karibu kwa bei nafuu zaidi. Urafiki hula muda, na simu nayo hula muda ule ule.

Hata hivyo, kinachonisumbua si saa. Watoto wetu huenda wanaongea na wenzao kuliko tulivyoongea sisi, kwa sauti, kwa maandishi, kwa picha na kwa vikaragosi visivyo na idadi. Ninachoona kinapotea ni ugomvi: ule ugomvi mdogo wa ana kwa ana, pamoja na njia ndefu na ya aibu ya kuutoka. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na watoto waliokuwa wakicheza pamoja mchana kutwa waligongana mara kumi kabla jua halijazama. Mpira umetoka au haujatoka? Nani alihesabu huku akichungulia? Hapakuwa na mwamuzi, na kila mmoja alijua kwamba wakiendelea kununiana mchezo utakufa na wote watabaki bila la kufanya, kwa hiyo walilazimika kubishana, kuachiana kidogo, kutunga kanuni mpya papo hapo na kuendelea. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1932, alitumia muda mwingi kuwatazama watoto wakicheza golori, akaona jinsi wadogo walivyozichukua kanuni kama amri isiyoguswa, ilhali wakubwa walikwisha kuelewa kwamba kanuni ni makubaliano na kwamba wote wakiafikiana zinaweza kubadilishwa.

Mchezo wa simuni hauna nafasi hiyo. Kanuni zimo ndani ya programu, na programu ndiyo inayoamua kama risasi imempata adui au haikumpata, na hakuna mtoto anayeweza kuibembeleza. Anayekasirika hutoka, na ndani ya dakika moja keshapata mchezaji mwingine asiyemjua. Kwa macho ya mzazi aliyechoka na kelele hilo laweza kuonekana ni faida (nami nimewahi kushukuru kwa ukimya wa namna hiyo), lakini mtoto huyo ameepushwa na kazi ambayo angepaswa kuifanya mara elfu kabla ya kuwa mtu mzima.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa karibu, ni ya uso kwa uso. Mtoto aliyemwambia mwenzake neno baya humwona mara moja jinsi midomo inavyokaza na macho yanavyotafuta pa kuangukia, na mara nyingi humwonea huruma kabla hata hajajua kwamba anajuta. Ujumbe ulioandikwa haumrudishii picha hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo kuhusu watoto waliokaa kambini kwa siku tano bila skrini yoyote; waliporudi walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi katika kutambua hisia kwenye nyuso za watu kuliko wenzao waliobaki na vifaa vyao. Inawezekana kabisa kwamba kilichowasaidia si kukosa skrini bali kukaa na wenzao kutwa nzima. Kwangu mimi hayo mawili yanakaribia kuwa jambo moja.

Mbaya zaidi, vifaa hivi vimejazwa vitu vinavyozaa magomvi bila kutoa njia ya kuyamaliza. Tangu WhatsApp ilipoleta tiki mbili za buluu mwaka 2014, mtoto anajua kwamba ujumbe wake umesomwa na haukujibiwa, na ukimya ambao zamani ungemaanisha kwamba mwenzake ametumwa mahali sasa unasomeka kama dharau. Snapchat nayo huhesabu siku ambazo marafiki wawili wametumiana picha mfululizo, na siku ikipita bila kutumiana hesabu hurudi sifuri. Wako watoto ambao, wanapojua kwamba hawatakuwa na simu kwa siku kadhaa, humwachia mtu nywila ili awatumie picha hizo kwa niaba yao, picha za dari au za sakafu, maadamu hesabu isikatike.

Najua yapo ya kusemwa upande wa pili. Watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walionyesha mwaka 2019, kwa takwimu za vijana wengi mno, kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza takriban asilimia 0.4 tu ya tofauti za ustawi wao. Ninaikubali hesabu hiyo, ila haikupima kama kijana anajua kuomba radhi. Kwa mtoto aliyehama, au kiziwi anayezungumza kwa ishara na mwenzake aliye mbali kupitia video, simu ni neema na sitaki mtu amnyang'anye. Vilevile si simu iliyoanza kuwafungia watoto ndani. Sisi wazazi tuliogopa magari, tukaogopa watu wasiojulikana, tukajaza kila alasiri masomo ya ziada, kisha tukashangaa kwamba rafiki pekee anayepatikana saa mbili usiku ni yule aliye kwenye kioo cha simu.

Baada ya kisa cha binti yangu niliwatafuta mama za wale wasichana wengine wanne. Hatukukubaliana kuhusu umri wala kuhusu saa, na mmoja wetu aliona kwamba tunakuza jambo dogo. Tulikubaliana kitu kimoja tu: ugomvi ukianzia simuni, wahusika watakutanishwa nyumbani kwa mmoja wetu, simu zikiwa zimezimwa, na mtu mzima asiingilie. Wahenga walishasema kwamba ndugu wakigombana ushike jembe ukalime.

Mara ya kwanza ilikuwa kwangu. Binti yangu na yule msimamizi wa kundi walikaa kwenye ngazi za nje, mmoja juu, mwingine chini, na kwa muda mrefu hawakufanya lolote zaidi ya mmoja kufungua na kufunga kifungo cha kiatu chake. Nilikuwa dirishani nikijifanya napanga vyombo. Yule mgeni alisema kitu bila kuinua kichwa. Binti yangu akajibu, akashuka ngazi mbili, akaketi karibu naye. Sikusikia walichosema.