Usiniambie huoni rangi

Kuna watu wema kabisa ambao, habari za ubaguzi zikiguswa tu, hukimbilia kusema: "Mimi bwana sioni rangi, naona binadamu." Nia yao ni njema, sina shaka. Ila anayeambiwa hivyo mara nyingi hunyamaza kwa sababu amechoka, na mwenzake akadhani wamekubaliana. Rangi unaiona. Hata mtoto wa miaka mitatu anaiona. La kuulizana ni umefundishwa kufikiri nini ukishaiona, na ulifundishwa na nani.

Miaka ya 1940 nchini Marekani, wanasaikolojia wawili weusi, Mamie Clark na mumewe Kenneth, waliwaonyesha watoto weusi wa kati ya miaka mitatu na saba wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Nipe unayependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Wengi wao walimpa yule mweupe sifa nzuri, na ubaya ukabaki kwa mweusi. Wasimulizi wengi huishia hapo. Kwangu mimi uzito uko kwenye ombi lililowekwa mwisho: nipe anayefanana na wewe. Mtoto ambaye punde tu ametoka kusema yule wa rangi ya kahawia ndiye mbaya, sasa anatakiwa amnyanyue na kukiri kwamba huyu ndiye mimi. Kuna waliolia. Kuna waliotoka mbio chumbani. Sidhani kama yupo mtu aliyewahi kuwakalisha chini watoto wale na kuwafundisha kujidharau. Waliokota wenyewe, kwa kutazama nani anaheshimiwa na nani anafokewa. Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha kutenga wanafunzi wa shule za umma kwa rangi, kazi ya Kenneth Clark ilitajwa kwenye tanbihi ya hukumu hiyo.

Ndiyo maana mzazi anayemziba mtoto mdomo kwa sababu mtoto ameuliza kwa sauti mbona yule mtu ana rangi ile, naona anakosea. Mtoto ameuliza jambo dogo la ngozi. Akinyamazishwa kwa aibu, anaondoka akijua kwamba pale pana kitu kibaya, na jibu atalitafuta kwingine.

Anayedhani mgawanyo wa rangi ni jambo la maumbile tu, atazame Afrika Kusini ya makaburu. Sheria ya mwaka 1950 ilitaka kila raia aandikwe kwenye daftari kwa rangi yake. Ofisa akiwa na mashaka, angeweza kukuchomeka penseli kwenye nywele: ikidondoka, dalili ya Uzungu, ikikwama, shauri yako. Sandra Laing alizaliwa mwaka 1955 na wazazi wote wawili Wazungu. Mwaka 1966, akiwa na miaka kumi, polisi walimtoa kwenye shule ya bweni ya Wazungu kwa sababu ya ngozi yake na nywele zake, na serikali ikamwandika chotara. Baba yake akapambana mahakamani. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa, nasaba ikapewa nguvu, na binti akawa Mzungu tena. Nywele ni zilezile, mama ni yuleyule, kilichobadilika ni karatasi. Alipokua akapendana na mwanamume mweusi, akazaa naye, na sasa akawa yeye mwenyewe anaomba kurudishwa kwenye uchotara ili asitenganishwe na watoto wake. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1991, maana yake watu waliokulia chini yake wengi wangali hai.

Kwa hiyo mtu hajitambui kwa rangi kwa sababu tu ameitazama mikono yake. Mwaka 1971 mwanasaikolojia William Cross alieleza safari ya Mmarekani mweusi: kwanza haipi rangi uzito, kisha linamfika tukio la kumtikisa, halafu anazama kwenye weusi wake kwa hasira na fahari kwa pamoja, na hatimaye anatulia, anajua yeye ni nani bila kuhitaji kumchukia mtu. Nauona mpangilio huo una msaada mkubwa, hasa kwa wazazi wanaoshangaa mbona kijana wao amegeuka ghafla na hataki tena marafiki wa zamani. Ubaya ni pale watu wanapoufanya ngazi ya kupandishana vyeo, eti fulani ameamka na fulani bado amelala. Cross mwenyewe baadaye aliurekebisha, akakubali kwamba asiyeipa rangi kipaumbele si lazima awe anajichukia. Na yupo aliyekulia mahali ambapo kila mtu anafanana naye, toka mwalimu hadi rais, akahamia ughaibuni, akagundua uwanja wa ndege kwamba yeye ni mweusi. Huyo anaanzia wapi kwenye ile safari? Tusimlazimishe.

Nusu nyingine ya habari haisimuliwi sana. Janet Helms, naye mwanasaikolojia mweusi wa Marekani, miaka ya 1980 alianza kueleza kwamba Wazungu nao wana safari yao ya kujitambua kwa rangi. Mwanzoni mtu anajiona ni mtu tu, wenye rangi ni wale wengine. Akianza kuuona ubaguzi, anapatwa na hatia, na hatia haikaliki. Wengi hapo hurudi nyuma kwa hasira: mimi sikumfunga mtu minyororo, kwa nini nisumbuliwe? Ndiyo, hukumfunga mtu. Lakini hatia yako haimsaidii yeyote, na mazungumzo yakigeuka kuwa kikao cha kukubembeleza wewe, aliyebaguliwa anakuwa amepata kazi mbili kwa siku moja.

Nasema hivi kwa sababu ubaguzi haungoji mtu mwenye roho mbaya. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wachumi waliotuma takriban maombi 5,000 ya kazi, ya watu wa kubuni, kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zililingana; majina ndiyo yaliyotofautiana, mengine yakisikika ya Kizungu na mengine ya Wamarekani weusi. Mwenye jina la Kizungu alihitaji kutuma maombi kama 10 ili apigiwe simu moja. Mwenzake alihitaji kama 15. Karatasi zile hazikuwa hata na picha, na naamini wengi waliozipitia wangeapa kwamba hawaoni rangi.

Basi unayeajiri au unayepangisha nyumba, sikuombi unieleze moyo wako ulivyo. Toa majina ya wote walioomba mwaka jana, uyaweke kando ya majina ya uliowaita. Kisha ndiyo tuzungumze.