Wimbo ukihama, uhame na namba yake

Linazunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp ya wanamuziki wa Lubumbashi lile tangazo: toa dola kadhaa, upewe "kode ya wimbo", na haki zako zitakuwa salama. Vijana wanatoa. Inauma, kwa sababu hakuna kode duniani inayolinda haki ya mtu. Kode wanayouza ni ISRC, namba ya kimataifa ya kutambua rekodi, nayo haisemi wimbo ni wa nani. Inasema tu hii ni rekodi ipi. Haki kwetu Kongo inatoka kwenye sheria, ile Ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na kazi inaandikishwa SOCODA, shirika la nchi la haki za watunzi. Anayekuuzia namba na kuiita ulinzi anakudanganya, hata kama namba yenyewe ni ya kweli.

Halafu neno "kode" linabeba vitu viwili visivyofanana. Kode-bare, ile mistari myeusi yenye tarakimu 12 au 13 chini yake, ilizaliwa dukani: mara ya kwanza kusomwa na mashine ya keshia ilikuwa tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, Ohio, kwenye pakiti ya chingamu. Mpaka leo kazi yake ni ileile, kutambua bidhaa inayouzwa. ISRC inatambua sauti iliyorekodiwa. Kwaya ya Katuba ikitoa albamu ya nyimbo 10 inahitaji kode-bare 1 na ISRC 10. Ikipiga klipu 2, kila klipu ina ISRC yake, basi zinakuwa 12. Na kama wimbo mmoja ulitangulia kutoka peke yake, toleo lile lilikuwa na kode-bare yake, lakini ISRC ya wimbo ni ileile inayoingia kwenye albamu. Hapa ndipo wengi wanapotunga namba ya pili bila sababu.

Kwaya tano zikiimba wimbo uleule wa kanisa, utunzi ni mmoja na rekodi ni tano. Utunzi una namba yake nyingine kabisa, ISWC, inayoanza na herufi T. Tuiache.

ISRC ina herufi na tarakimu 12. Tazama mfano huu: AA6Q72000047. Tano za kwanza, AA6Q7, ndizo kianzio: zinaonyesha nani aliyepewa ruhusa ya kutoa namba. 20 ni mwaka namba ilipotolewa, 2020. 00047 ni ya arobaini na saba katika mfululizo wa mwaka huo. Msanii wa Kamalondo akiona namba yake inaanza na QZ anashtuka, anadhani wimbo umekuwa mali ya Wamarekani. Hapana. Msambazaji wake, yaani kampuni inayopeleka nyimbo zake mtandaoni, alichukua kianzio chake Marekani, basi. Mwaka nao usikudanganye: mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huku Katanga mwaka 1952, na kanuni ya ISRC, ISO 3901, ilitoka 1986. Rekodi ya namna hiyo inapopewa namba leo, inaandikwa mwaka wa leo, siyo 52.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo nyimbo zetu zinapopotea. Msanii amechoka na msambazaji wake, anafungua akaunti kwingine. Fomu inauliza: wimbo huu una ISRC tayari? Hakuna aliyemweleza, anaacha kisanduku kitupu, na mfumo unamtungia namba mpya. Tangu siku hiyo mashine za Spotify na Boomplay, kule watu wanakosikilizia muziki mtandaoni, zinaweza kuona rekodi mbili. Hesabu ya wasikilizaji waliokusanywa kwa miaka inabaki kwenye namba ya zamani, na namba mpya inaanza sifuri. Toleo la zamani likiondolewa, wimbo unatoka kwenye orodha zote ambamo watu waliuweka. Redio za mtandaoni za Marekani zikiupiga, SoundExchange inayokusanya malipo yake inategemea namba hizo kumtambua anayedai. Ukiwa umeandikisha moja na redio imetuma nyingine, pesa inaweza kukaa tu ikisubiri mwenyewe. Namba moja imeachwa, na wimbo umekuwa mgeni kwa wasikilizaji wake.

Kuhama kuna utaratibu. Kabla ya kufunga akaunti ya zamani, pakua orodha ya ISRC zote na kode-bare zote, kwa sababu akaunti ikishafungwa utabembeleza kwa barua pepe. Chukua WAV, faili la sauti isiyobanwa, lilelile ulilotuma mara ya kwanza. Usichukue MP3 iliyorudi kwa WhatsApp: sauti imebanwa, pengine hata urefu umebadilika, na mashine inaweza isiifananishe. Kwa msambazaji mpya andika jina la wimbo na la msanii kama zamani, herufi kwa herufi. ISRC iingie bila vistari na bila neno "ISRC" mbele. Kode-bare ya zamani nayo iingie, kama anaipokea. Subiri mpaka toleo jipya lionekane kila mahali na hesabu ya zamani iwe imeungana nalo. Hapo tu ndipo unaomba la zamani liondolewe. Anayeanza kwa kuondoa anajikata mwenyewe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kwa msanii wa nyimbo mbili kwa mwaka namba ya bure ya msambazaji inatosha. Lebo yenye wasanii kumi ijiombee kianzio chake. Pale ambapo nchi haina shirika lake la kutoa, maombi yanakwenda moja kwa moja IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi linalosimamia ISRC.

Namba mpya inatakiwa pale sauti inapokuwa nyingine: rimiksi, toleo la jukwaani, toleo la ala tupu, toleo lililofupishwa kwa redio. Ukiipa ala tupu namba ya wimbo wenye sauti, usishangae msikilizaji akabonyeza wimbo na kusikia ngoma na gitaa tu.

Tena kode-bare inajikagua, ISRC haijikagui. Tarakimu ya mwisho ya kode-bare inatokana na zile za mbele. Kwenye kode-bare ya tarakimu 13 ambayo 12 za mbele ni 201234567890, jumlisha za nafasi ya 1, 3, 5 na kuendelea, upate 27. Za nafasi ya 2, 4, 6 na kuendelea ni 20, zidisha kwa 3, 60. Jumla 87. Kufika 90 panapungua 3, basi 3 ndiyo ya mwisho. Ukikosea tarakimu moja, mashine inakataa. Kwenye ISRC ukikosea tarakimu, mashine inapokea kimya, na labda umeandika namba ya wimbo wa mtu mwingine. Herufi O na sifuri ndizo zinazoumiza wengi. Tarakimu saba za mwisho hazina herufi hata moja, kwa hiyo ukiona O pale, ni sifuri.

Mafundi wa studio, mpeni msanii karatasi siku anayochukua wimbo: jina, toleo, urefu kwa dakika na sekunde, tarehe, ISRC. Umeme unakatika, disko ya kompyuta inakufa, na namba zinakufa nayo. Msanii aliyekwisha kupoteza asitungiwe nyingine. IFPI na SoundExchange wana tovuti za kutafutia ISRC, bure, kwa jina la msanii na la wimbo. Akiikuta ainakili, halafu mwingine amsomee kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kubonyeza kutuma.