Stima ya Shilingi Nane Haimfikii Mwanabodaboda

Ukianza kuzungumzia magari ya umeme nchini Kenya, utasikia habari ya kodi kwanza. Sipuuzi kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia sufuri kwa pikipiki za umeme, mabasi ya umeme na betri za lithiamu, na sufuri si sawa na kusamehewa. Kwa sufuri, anayeunganisha pikipiki hapa nchini hudai arudishiwe VAT aliyolipa kwenye vipuri. Bidhaa ikisamehewa tu, hadai chochote, na mzigo unamwangukia mnunuzi. Mwaka uliofuata Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuuondoa unafuu huo, lakini unafuu ukanusurika kwa sababu mswada wenyewe ulitupwa mwezi Juni. Nani atajenga kiwanda juu ya unafuu unaojadiliwa upya kila bajeti?

Hata hivyo, kodi ingetulia leo, mwanabodaboda bado angekwama kwenye mita.

Tangu Aprili 2023, EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati nchini, imeweka bei maalumu ya kuchaji magari ya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 usiku, kwa mteja asiyezidi yuniti 15,000 kwa mwezi. Siku za kazi, usiku huo ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hiyo ni bei ya msingi, kabla ya tozo ya mafuta, ya fedha za kigeni na VAT. Ni uamuzi wa busara: mvuke wa ardhini unaozalisha stima kule Olkaria hauzimwi watu wakilala, na bodaboda nyingi huwa zimeegeshwa saa hizo.

Sasa tupige hesabu ya mtu anayechaji nyumbani kwa mita ya kawaida. Pikipiki ya umeme hula takriban yuniti 4 kwa kilomita 100. Kwa kilomita 120 kwa siku, ukiongeza kinachopotea kwenye chaja, ni kama yuniti 5 na nusu. Kwa siku 26, yuniti 140 hivi. Familia yake ilikuwa ikitumia yuniti 25 kwa mwezi, yaani chini ya 30, katika daraja la bei nafuu ambako bei ya msingi ni karibu shilingi 12. Daraja hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Miezi mitatu ikipita, familia imevuka yuniti 100, na stima yote, pamoja na ile ya taa na televisheni, inalipiwa karibu shilingi 20. Ukilinganisha na kuchaji kwa bei ya usiku huku stima ya nyumbani ikibaki kwenye bei yake ya zamani, kaya hiyo inapoteza karibu shilingi 1,900 kila mwezi, kabla ya tozo. Ameadhibiwa kwa kuacha petroli.

Huyo angalau ana mita ya KPLC, kampuni inayosambaza stima. Wapangaji wengi wa ploti hununua stima kwenye mita ndogo ya mwenye nyumba, kwa bei aliyoipanga mwenyewe, na wengine wamekatazwa kabisa kuchaji pikipiki. Bei ya EPRA haina mlango wa kuingilia humo.

Kinachobaki ni kituo cha kubadilisha betri. Kampuni inaomba laini yake, inapata bei maalumu, inachaji usiku. Mwanabodaboda anauziwa pikipiki bila betri, kwa bei ya chini, kisha analipia kila badilisho. Mpango si mbaya, kwani betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote na ndiyo inayochoka mapema. Shida ni kwamba kila kampuni ina kasha lake, plagi yake na lugha yake ya mawasiliano ya kielektroniki kati ya betri na pikipiki. Hata volti zikilingana, kidhibiti cha pikipiki hakikubali betri ya jirani. Kituo kikikosa betri zilizojaa saa 12 jioni, huna pa kwenda.

Mtumiaji pia hawezi kujua amepewa betri ya hali gani. Betri ya volti 72 mara nyingi huwa na makundi 20 ya seli yaliyounganishwa mfululizo. Kundi moja likichoka, kioo cha pikipiki kitaonyesha chaji ya asilimia 25, lakini ukipanda mlima na abiria wawili volti ya kundi hilo inaporomoka chini ya kikomo na saketi ya ulinzi inakata umeme papo hapo. Ukishuka na kupumzika kidogo, inawaka tena. Ukirudi kituoni utaambiwa betri ni nzima.

Rwanda ilianza na vituo: mpango wa 2021 ulivipa stima kwa bei ya viwanda, kisha Januari 2025 Kigali ikaacha kusajili pikipiki mpya za petroli za biashara. Sisi tunaweza kuanza na masharti machache, kwa kuwa VAT ya sufuri tayari ni zawadi ya umma na mpokeaji anaweza kuombwa kitu. KPLC iruhusu mita ya pili ya kuchaji kwenye ploti, hata ya tokeni, inayosoma saa za usiku. Plagi na lugha ya betri ziwe za aina moja. Kasha kila kampuni ichore inavyotaka. Afya ya betri ionekane kwenye kioo kabla ya kulipa. Na kampuni ikifunga biashara, funguo za programu inayoamua pikipiki ikubali betri gani zikabidhiwe wenye pikipiki, wasibaki na fremu zisizokubali betri yoyote.