Mfalme wa Magazeti na Masika ya Mombasa

Hapa nyumbani kwangu, Mji wa Kale, mwenye hadhi kuliko wote hivi sasa ni mfalme aliyeundwa kwa magazeti na unga wa ngano. Feni iliyokuwa ikinipepea mimi usiku sasa inampepea yeye, kwa kuwa kichwa chake sharti kikauke kabla ya Alhamisi, siku ambayo kikundi chetu kitavuka Likoni kwenda kuonyesha mchezo wa vikaragosi Ukunda, Msambweni na hatimaye Lunga Lunga.

Kichwa cha namna hii hubandikwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lazima likauke ndipo jingine lifuate. Lakini ni nani aliyeona kitu kikikauka Mombasa wakati wa masika, ilhali hata chumvi hulowa ndani ya kikopo chake? Ukiharakisha, ukungu huota, na ndivyo waziri wetu alivyopata ndevu za kijani ambazo mtunzi hakuziandika. Kumwanika mfalme nje nako ni mtihani: mbuzi wa jirani ameshamtafuna sikio, na jirani, badala ya kuomba radhi, akaniuliza iwapo gundi yetu ina sumu. Gundi gani? Ni uji wa unga, tena ule uliokuwa uwe mahamri yangu ya asubuhi!

Pazia la kujifichia nalo sharti lipite utosi wa mchezaji mrefu kuliko wote, ilhali anayemchezesha malkia humfikia huyo kwapani. Tukilipandisha, malkia huonekana taji tu; tukilishusha, watazamaji huona upara ukizunguka nyuma ya ikulu. Nilipopendekeza huyo mfupi asimame juu ya kreti ya soda alikubali mara moja, kisha akadai posho ya hatari. (Kitambaa chenyewe ni buibui kuukuu la mama watoto, alilolitoa kwa sharti kwamba lirudi bila tundu, ilhali fundi cherehani ameshalitia pete za chuma ukingo mzima.) Mazoezini ninapiga kelele hadi sauti inakauka, jambo ambalo kichwa cha mfalme kimeshindwa kulifanya: taya la chini ndilo lishuke kwa kila silabi, si kichwa kirushwe nyuma kana kwamba mfalme anameza kwinini.

Kivukoni Likoni aendaye kwa miguu hatozwi kitu, na mweka hazina wetu ameifanya habari hiyo kuwa bajeti nzima ya safari. Ng'ambo ya pili kuna matatu, na matatu ina makanga. Tulipokwenda Kilifi, makanga alimtazama sultani wa mchezo ule, aliyekuwa hatoshei sandukuni, akaniuliza, "Mzee, huyu mwenye kilemba analipa au anapakatwa?" Nililipa nauli ya watu wawili, na sultani akakaa dirishani. Alhamisi, nikitozwa nauli mbili tena, dirishani nitakaa mimi.