Ghorofa refu chini ya Loleza

Ukitoka Kigamboni kwa pantoni kwenda katikati ya Dar es Salaam, macho yanakutana kwanza na maghorofa: jengo la Mamlaka ya Bandari na yale mapacha ya uliokuwa mfuko wa pensheni wa PSPF, yote yakiwa yamepita mita 150. Wengi wanaorudi Mbeya kutoka huko huuliza: na sisi lini?

Dar ni tambarare, hivyo jengo refu halina mshindani. Mbeya imekaa kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mlima Loleza unapanda hadi 2,656. Lisimamishe jengo la Bandari pale Sokomatola, halitafika hata robo ya mlima ulio nyuma yake. Sura ya mji huu ni Loleza. Asubuhi tunautazama kujua kama tufunike mahindi tuliyoanika.

Hata hivyo, wanaotaka tujenge kwenda juu wana hoja nzito. Milima imetubana, basi mji unajivuta kandokando ya barabara kuu ya Zambia, Uyole mpaka Mbalizi. Kila kiwanja kipya ama kinameza shamba la viazi, ama kinaparamia mteremko. Aprili 2024 tope la mlima Kawetele lilifukia nyumba kule Itezi. Kama familia 20 zingepanga jengo moja la ghorofa pale Mafiati, mjini, mteremko ungebaki na miti yake. Kwa hili nakubaliana nao kabisa.

Ninaposita ni kwenye ardhi yenyewe. Matawi ya Bonde la Ufa, la Rukwa, la Usangu na la Nyasa, yanakutana hapa kwetu. Mwaka 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko linalokadiriwa kufikia 7.4, na nyumba za udongo na nyasi za enzi hizo si kipimo cha kile ambacho tetemeko kama hilo lingefanya kwenye zege. Wajapani wanajenga marefu juu ya ardhi inayotikisika, ni kweli, lakini wanapima udongo, wanahesabu nondo, na mkaguzi anarudi tena na tena. Sisi, Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30. Siku hiyo hapakuwa na tetemeko lolote.

Lifti na pampu ya maji umeme ukikatika ni shida pia, ila jenereta inaweza kuibeba.

Kwa hiyo ningeanza na ghorofa sita hadi kumi, Mwanjelwa na Mafiati, kando ya barabara, si miguuni pa Loleza. Mwekezaji akija na mchoro wa mnara, halmashauri imwombe kwanza vipimo vya udongo na ivibandike ukutani, fundi na mpangaji wavisome. Mchoro utafuata.